Gari la Abdulhalim

Jumapili, 21 Aprili 1996

Leo tena Mama Ngina, barabara ya ufukweni. Nimezunguka mara tatu, na moja ingetosha. Lakini gari likinguruma chini-chini mbele ya wauza mihogo, watu wakageuka mmoja mmoja, hata walio na mihogo mdomoni – nani angekwenda nyumbani? Dodge Charger ya mwaka sitini na tisa, silinda nane, usukani kushoto, rangi ya damu ya mzee. Kisiwa kizima hakuna jingine. Mimi ni karani wa kutoa mizigo Kilindini, mtu wa kusukumwa na kila mwenye stakabadhi. Lakini Jumapili saa kumi na moja jioni mimi ni Bwana Jamali wa Doji, na watu wanipisha.

Kifuniko cha taa ya kushoto kimekataa tena. Taa za gari hili hujificha nyuma ya vifuniko, ukiwasha ndipo vifunguke. Leo kimefunguka kimoja tu. Watoto wakashangilia: chongo, chongo! Nimecheka nao. Moyoni nimeudhika.

Mzee mmoja ameniuliza nililinunua lini. Nimemjibu, zamani. Sikusema nimelinunua, nimesema zamani tu. Haya, ni uongo! Humu nisipojiambia mwenyewe nitajiambia wapi?

Basi niandike, maana sijapata kuandika. Gari si langu. Ni la Abdulhalim, niliyesoma naye chuoni tukachapwa bakora moja na maalimu mmoja. Miaka minne iliyopita, alipopata kazi ya winchi bandarini Maskati, mkewe Mwanarusi alimwambia aliuze apate nauli. Hakuwa na moyo wa kuliuza. Nauli akakopa kwa tajiri wake mpya, akakatwa mshahara mwaka mzima, kisha akamwambia mkewe kuwa gari ameniuzia mimi. Akanikabidhi ufunguo, na kitabu cha gari, na fomu ya kuhamisha aliyokwisha kuitia saini, pa jina la mnunuzi pako wazi, ati polisi wasinisumbue. Akasema: "Ni amana, Jamali. Lipashe moto kila Jumapili, basi."

Jumapili ikaongezewa Jumatano. Jumatano ikaongezewa Ijumaa. Siku hizi naenda nalo hata kwa kinyozi, na kinyozi yuko mtaa wa pili.

Kesho Abdulhalim yuwaja likizo. Nimetazama saa ya maili nikashikwa na haya.


Jumatano, 24 Aprili

Tumetoka pamoja. Kichekesho! Mwenye gari amekaa upande wa abiria kama mgeni, kwa sababu Mwanarusi alikuwa dirishani, na kwa Mwanarusi gari ni langu. Amenipungia mkono. Nami nikampungia.

Tulipofika Kizingo, penye miti na majumba makubwa, hapana mtu, tukabadilishana viti. Alishika usukani. Kisha akaitazama ile saa ya maili, akacheka. Akasema Jumapili za Mombasa ni nyingi kuliko za Maskati. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Amekonda. Mara mbili nimemwona akijishika kifua. Nilipomwuliza akasema ni gesi. Amesema abakisha mwaka mmoja wa mkataba. Akirudi moja kwa moja atamwambia mkewe ukweli wote, atagombezwa wiki, kisha atalichukua gari lake. Nikasema inshallah. Nilisema kwa mdomo. Moyoni nimehesabu: mwaka mzima bado ninalo. Mtu gani huhesabu hivyo mbele ya rafiki yake?


Alhamisi, 9 Mei

Abdulhalim amefariki. Saa kumi alasiri, alikuwa akifunga kamba za viatu. Jumamosi alikuwa asafiri.

Siwezi kuandika.


Ijumaa, 10 Mei

Tumemzika baada ya sala ya Ijumaa.

Kabla ya kusaliwa, jeneza likiwa mbele yetu, kaka yake Khubaib alisimama kama desturi. Sauti ilikuwa yamkatika. Alisema: "Ndugu zangu, mwenye haki yake kwa marehemu aseme. Na mwenye kitu cha marehemu mkononi mwake, ajitokeze sasa, au aje nyumbani."

Mtu mmoja akasimama kwa ajili ya ngazi. Ngazi! Ati aliiazima mwezi uliopita kupaka chokaa, atairudisha kesho. Watu wakamwombea dua.

Mimi nilikuwa safu ya tatu. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa kanzu, wanigonga paja. Nilifungua mdomo, wallahi nilifungua. Nikajiambia si mahali pake, nitamwaibisha marehemu, wataambiana alimdanganya mkewe, na yeye yuko pale hajasaliwa. Nikajiambia nitakwenda nyumbani kama Khubaib alivyosema. Imamu akasema Allahu Akbar, tukasali.

Khubaib ana mguu mbovu. Hawezi kutembea hadi Kikowani. Nani akampeleka makaburini? Mimi, ndani ya Doji. Njiani akapangusa dashibodi kwa kiganja, akasema marehemu alilipenda sana gari hili, na alhamdulillahi limeangukia mkono wa rafiki. Nilikuwa na kilomita mbili za kusema. Nikasema mtu hana budi, ni kazi ya Mungu.


Jumapili, 12 Mei

Khitma. Watu wengi mno, nimeshindwa kumpata Khubaib peke yake. Kweli? Nilimpata mara mbili. Mara moja tukinawa mikono, bega kwa bega.

Mke wangu Mwanatumu alikuwa juu na wanawake. Asema Mwanarusi amekaa eda, amevaa nyeupe, hali wala hasemi. Miezi minne na siku kumi hatatoka nje wala kuonana na wanaume wasiokuwa maharimu wake. Nilipowaza hivyo nilipumua. Nimeliandika neno hilo nilitazame vizuri: nilipumua.

Gari sikuligusa leo.


Jumapili, 19 Mei

Nimeliendesha. Kwa ajili ya betri.


Jumatano, 5 Juni

Nimegombana na Kombe.

Kombe ndiye fundi wa Doji tangu enzi za Abdulhalim, karakana yake Mwembe Tayari. Mgiriama mpole, hupiga magoti mbele ya injini ile kama mtu mbele ya mgonjwa. Nimekwenda kwa sababu ya kile kifuniko cha taa. Akalegeza skrubu moja, akasimama, akapangusa mikono kwa kitambaa muda mrefu. Akaniuliza, gari la marehemu nalirudisha kwa mama lini.

Nilishtuka. Nikamwambia nimelinunua. Akasema, mzee, Aprili alikuja hapa mwenyewe, akaniambia mwakani niifungue injini yote, arudi kulichukua. Nikapandisha sauti. Nikamwambia kazi yake ni spana, si mirathi ya watu. Mbele ya mafundi wenzake! Kombe hakunijibu kwa hasira. Akairudisha ile skrubu mahali pake, akafunga boneti taratibu.

"Nitalitengeneza likija na mwenyewe," akasema.

Nimemwuliza, yuwaenda kumwambia mjane? Akasema mdomo huo si wake, ni wangu. Nimeondoka na kifuniko kile kile kilichokwama, nikakanyaga mafuta hadi taa za barabarani, kwa kiburi. Kisha nikaona aibu nikaenda polepole.


Jumamosi, 29 Juni

Nimefanya.

Bima yaisha wiki ijayo, na bima haiandikwi kwa jina la maiti. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Ni sababu nzuri, ina muhuri na kila kitu. Nimetoa ile fomu kwenye kisanduku cha dashibodi, nimekaa nayo mezani asubuhi, Mwanatumu kaenda sokoni. Saini ya Abdulhalim iko pale, ile herufi ya mwisho yenye mkia mrefu, maalimu alimpigia sana mkia ule. Juu yake pako wazi.

Nimeandika jina langu. Na tarehe nimeandika ya mwaka jana, ionekane alikuwa hai.

Miaka kumi na tisa najaza fomu za watu Kilindini, mkono umeshazoea. Nilipomaliza niliukausha wino kwa kupuliza, kama kawaida yangu.

Jumatatu nitaipeleka.


Jumanne, 16 Julai

Nimeipeleka zamani. Nangoja kitabu kipya.

Mwanatumu huenda kwa Mwanarusi kila Jumatatu, akirudi hunieleza yote hata nisipouliza. Jana amerudi na uso mzito. Lamis, binti wa marehemu, yuko kidato cha tatu, wa kwanza darasani. Ameambiwa akae nyumbani muhula ujao, hapana wa kumsomesha. Na Khubaib ameanza kusema nyumba iuzwe kila mtu apewe fungu lake. Mwanarusi awakaangia watu sambusa, azituma zikauzwe. Mwanatumu asema harufu ya mafuta imeingia hadi kwenye ile nguo nyeupe.

"Baba Nasra, marehemu alikuwa rafiki yako," ameniambia. "Nenda hata umsalimu mkewe nyuma ya pazia."

Nimekwenda leo baada ya Alasiri. Mwanatumu alikuwa ndani naye, mimi sebuleni, pazia katikati. Nilikuwa nimelipanga neno langu njiani, hata nimelisema kwa sauti pale kona ya msikiti, mtu akanitazama. Shemeji, lile gari ni lako na mwanao. Maneno saba au manane, mtoto angeyasema.

Akanitangulia. Sauti yake imekuwa ndogo. Alisema atanishukuru mpaka kufa, maana nisingalilinunua lile gari Abdulhalim asingalipata nauli, na hiyo miaka minne wasingalipata cha kula. Asema katika kila sala yuwaniombea.

Nilisema nini? Nilisema tusishukuriane, sisi ni ndugu. Nikaacha sukari kilo nne na mchele mlangoni. Nalipia gari kwa sukari!

Yarabi, kila sala. Tano kwa siku. Na mimi nikisali sijui niombe nini.


Jumapili, 11 Agosti

Mama Ngina. Mara moja tu, kisha nyumbani. Mtu mmoja, Mzungu mwenye hoteli kaskazini, alinisimamisha akataka kulinunua pale pale. Hakuuliza bei, amesema nitaje mwenyewe. Nikasema haliuzwi. Nikaona fahari kusema hivyo, kwa dakika nzima. Kisha nikamkumbuka Lamis na ada yake, na utamu ukaisha. Kwa hilo jibu langu nimemtoa mtoto shule kwa mara ya pili.


Ijumaa, 23 Agosti

Kitabu kimekuja. Jina langu, limepigwa taipu vizuri, hakuna kosa hata moja.

Hutuba ya leo ilikuwa mali ya mayatima. Nilihisi imamu ananitazama mimi. Hakunitazama. Ni mzee, haoni hadi safu ya tatu.

Nimemaliza sala nikatoka na lile gari nikaenda mbio hadi Kizingo, nikalizima, nikakaa. Nilidhani nitalia. Nilichofanya ni kusikiliza injini ikipoa, tik, tik, tik, na nikaona raha. Hivyo ndivyo nilivyo. Nalipenda. Ningelichukia mambo yangekuwa rahisi, ningeurudisha ufunguo siku ya kwanza. Tangu niko mdogo hapana aliyegeuka kunitazama, na sasa wageuka, na si mimi wanayemtazama, nalijua hilo, lakini ndani ya gari huwezi kuona tofauti.


Alhamisi, 12 Septemba

Eda ya Mwanarusi yaisha keshokutwa. Kutakuwa na udi na wageni. Mwanatumu amemwuliza Mwanarusi amletee nini, naye akasema hataki nguo wala marashi. Ataka kitu kimoja: atolewe matembezi katika lile gari la marehemu, mara moja tu. "Hata kama ni la shemeji sasa," ndivyo alivyosema.

Mwanatumu ameshakubali kwa niaba yangu. Amefurahi, asema ni jambo dogo.

Nitamwambia mle mle garini. Nimeapa. Nimetia wudhu nikaapa. Kitabu kipya nitakitoa nimpe, nikamwambie makosa yangu yote, hata ile tarehe. Kisha aamue, aniite mwizi mbele ya mji mzima, haidhuru.

Kesho nitalisafisha.


Jumamosi, 14 Septemba

Saa nane mchana. Niandike upesi, sina muda.

Gari haliingii vichochoroni kwetu, nililiegesha karibu na Ngome wakaja kwa miguu. Milango ni miwili tu, wa nyuma hana budi kujikunja kupita kwenye kiti kilicholazwa. Mwanarusi na Lamis na mabuibui yao wakanaswa, mguu wa Lamis ndani, wa mama yake nje, wakaanza kucheka. Mwanatumu akacheka. Ni mara ya kwanza kumsikia Mwanarusi akicheka tangu Mei. Nikashika usukani nikitazama mbele.

Tukaenda hadi Mama Ngina. Sikukanyaga mafuta, nilikwenda kama nabeba mayai. Nilipoegesha, Mwanarusi akawatuma Lamis na Mwanatumu wanunue mihogo. Walikuwa hatua kumi tu kutoka kwetu, vioo vyote wazi, lakini nilijua ametaka tubaki wawili. Nikajua: ameambiwa. Kombe amesema. Na nikafurahi! Nilifurahi kweli. Nikaanza, Shemeji, kuna neno la gari hili.

Akasema: "Nisikilize mimi kwanza, shemeji, wasije."

Kitambaa kikapita begani mwangu, kimefungwa mafundo, kizito. Nikakipokea kisianguke. Ni dhahabu yake, bangili na mkufu alivyopewa mahari na marehemu. Asema Khubaib amuuliza kila siku viko wapi, ati viingie kwenye mirathi. "Ni vyangu, wala si mirathi, lakini peke yangu nani atanisikia?" Ataka viuzwe kidogo kidogo, Lamis arudi shule. Asema marehemu alimwambia wiki ile ya mwisho: likinipata jambo, mtu wa kukuwekea amana Mombasa hii ni Jamali, hakuna mwengine. Hakueleza kwa nini.

"Niwekee," akasema.

Nilimtazama kwenye kioo. Kosa, sikutakiwa kumtazama. Alikuwa akipapasa kiti, ngozi ya kiti, pale mshono ulipoachia.

Nikasema bismillahi nikakitia mfukoni.

Kisha akauliza, na wewe wataka kuniambia neno gani? Nikasema nilitaka kumwuliza kama upepo wa dirishani wamsumbua. Akasema hapana, ni mzuri. Wakaja na mihogo, ya pilipili na ndimu, nikala nami. Nilikula!

Njiani kurudi akakumbuka: Abdulhalim alimfundisha amana iandikwe, hata kati ya ndugu, kwa sababu mtu hajui siku yake. Ataka karatasi yenye saini yangu, Mwanatumu awe shahidi. Kwa hiyo Lamis amekuja nami hadi nyumbani aichukue. Yuko sebuleni, Mwanatumu amempa sharubati. Mimi nimejifungia chumbani, na badala ya kuandika karatasi ya watu naandika humu.

Nimeshaanza. Iko hapa kando. *Mimi Jamaldin bin Omari nakiri mbele ya Mwenyezi Mungu kwamba ninavyo mikononi mwangu, kwa amana, vitu hivi vya Bi Mwanarusi na mwanawe Lamis:*

Vitu hivi vya Bi Mwanarusi na mwanawe. Sikupanga kuandika na mwanawe, dhahabu ni ya mama peke yake. Mkono umeandika wenyewe, kumbe mkono wajua.

*Bangili sita za dhahabu.*
*Mkufu mmoja wa dhahabu.*

Na chini bado pana nafasi, mistari mitatu minne kabla ya saini. Nikiliandika gari, Mwanatumu atalisoma kwanza, ndiye shahidi. Kisha Lamis atalisoma njiani, yuwajua kusoma kuliko sisi sote. Halafu Mwanarusi ataidai dhahabu yake kabla ya Magharibi, na ana haki, na hapo hatakuwa na mtu hata mmoja wa kumwekea. Naona! Hata sasa nimepata sababu nzuri.

Mwanatumu ameniita. Nimesema naja. Nimeandika *Na* – herufi mbili, kwenye karatasi ile, si humu.

Lamis amebisha mlango. Auliza kwa adabu kama kalamu yangu imeisha wino, yeye anayo nyingine.